Ukatili wa vijana huzuiwa tangu darasa la kwanza

Ukatili wa vijana ni ule unaotokea kati ya watu wa miaka 10 hadi 29 wasio na undugu, na mara nyingi hutokea nje ya nyumba. Ndivyo Shirika la Afya Duniani (WHO) linavyouelezea, na humo ndani mna mengi: mtoto wa darasa la nne anayenyang'anywa hela ya kitafunwa kila mapumziko ya saa nne, wavulana wanaorushiana mawe baada ya mechi ya shule mbili jirani, binti anayelazimishwa ngono na kijana wa mtaa wa pili, kundi lenye mapanga linalopita nyumba hadi nyumba usiku. Kwa makadirio ya shirika hilo, watu wapatao 193,000 wa miaka 15 hadi 29 huuawa duniani kila mwaka, karibu asilimia 40 ya mauaji yote. Wengi wao ni wanaume. Kwa kila anayezikwa, wapo wengi zaidi wanaoishia wodini, na wengine wengi ambao hawakufika hospitali wala polisi na ambao hakuna anayewahesabu.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu zake chungu. Dar es Salaam ilitikiswa na makundi yaliyoitwa Panya Road kuanzia miaka ya 2014 na 2015, na hofu hiyo ikarudi mwaka 2022. Mombasa, mitaa ya Kisauni na Likoni imekuwa ikihangaishwa na makundi ya visu ambayo baadhi ya vijana wake bado wana umri wa kukaa darasani. Machi 2001, wanafunzi 67 wa Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, waliteketea bwenini katika moto uliotiwa makusudi, na wanafunzi wawili wakashtakiwa. Mwaka 2016 pekee, zaidi ya shule 100 nchini Kenya zilichomwa moto.

Mwitikio wa kawaida kwa matukio kama haya ni operesheni. Magari ya polisi huingia mtaani, vijana hukusanywa, viongozi hutoa onyo, na magazeti huandika kwamba hali ni shwari. Operesheni ina mahali pake, maana mtu anayevunjiwa mlango usiku anahitaji askari, hahitaji semina. Lakini humkuta kijana akiwa na miaka 17 au 20, wakati tabia inayomtuma kushika panga ilianza kujengeka akiwa na miaka mitano au sita, mbele ya watu wazima wawili waliokuwa naye kila siku: mzazi na mwalimu.

Jinsi tabia hiyo inavyojengeka imechunguzwa kwa zaidi ya nusu karne. Gerald Patterson, mwanasaikolojia wa jimbo la Oregon, Marekani, aliingia na wenzake majumbani mwa watu, wakaandika hatua kwa hatua namna wazazi na watoto wanavyojibizana. Kitabu chake cha mwaka 1982 kinaeleza mzunguko ambao mama yeyote wa Tandale, Dar es Salaam, au Kisauni atautambua. Mtoto wa miaka sita anaambiwa azime televisheni akaoge. Hajibu. Mama anarudia kwa sauti ya juu. Mtoto anapiga kelele kumshinda. Mama amechoka na ana chungu jikoni. Anasema "haya, baki nayo", anaondoka. Mtoto ameona kuwa kelele zinalipa. Kesho yake mama hakubali kushindwa. Anachukua mwiko, anampiga, televisheni inazimwa. Sasa mama naye ameona kuwa kipigo kinalipa. Siku zinavyokwenda, kila upande unaongeza nguvu, na maneno ya kawaida yanakosa kazi ndani ya nyumba ile. Mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa na somo moja lililomkaa vizuri: mwenye nguvu zaidi ndiye anayepata anachotaka.

Shuleni somo hilo humharibia haraka. Anayewasukuma wenzake kwenye foleni ya uji hutengwa. Mwalimu humjua kwa jina kabla ya mwezi kwisha, na jina hilo hutajwa kila kitu kinapopotea. Kwa kuwa muda wake mwingi hupita nje ya darasa au mbele ya ubao akiwa amepiga magoti, kusoma kunamshinda. Anawatafuta wengine waliotengwa kama yeye, na hao ndio wanaompokea. Ikiwa shule yenyewe inaendeshwa kwa fimbo, alichofundishwa na mwiko wa nyumbani kinathibitishwa na mtu mwenye elimu, aliyepewa kazi na serikali.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto nchini Tanzania, uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu robo tatu yao, wasichana kwa wavulana, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili na mtu mzima au mpenzi kabla ya kutimiza miaka 18. Zaidi ya nusu walisema mmoja wa waliowapiga alikuwa mwalimu. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Tobias Hecker walichapisha matokeo ya mahojiano na watoto 409 wa shule ya msingi nchini humo: asilimia 95 walikuwa wamewahi kupigwa na mzazi au mlezi. Waliopigwa zaidi walikuwa wagomvi zaidi, watundu zaidi, na wagumu zaidi kuwasaidia wenzao.

Hoja ya upande wa pili inastahili kusikilizwa. Wazee husema mcha mwana kulia hulia yeye, na wengi waliolelewa kwa bakora wamekua watu wazima wapole na wachapakazi. Tena, uhusiano kati ya kipigo na ugomvi hausemi kipi kilitangulia. Huenda mtoto mkorofi ndiye anayechapwa zaidi. Swali hilo haliwezi kumalizwa kwa mahojiano peke yake. Humalizwa kwa kuwabadilisha watu wazima katika shule fulani, kuziacha shule nyingine kama zilivyo, kisha kuangalia watoto wanakuwaje.

Jaribio la mapema la aina hiyo lilianza mwaka 1981 mjini Seattle, Marekani, likiongozwa na J. David Hawkins na Richard Catalano wa Chuo Kikuu cha Washington. Lilihusisha shule 18 za msingi za umma katika maeneo yenye uhalifu mwingi. Kila mwaka wa programu, walimu walipewa siku tano za mafunzo: namna ya kuweka utaratibu wa darasa mapema badala ya kungoja fujo, namna ya kufundisha kwa kushirikisha, namna ya kuwaweka watoto katika makundi madogo ambamo kila mmoja ana kazi na mafanikio ya kundi yanamtegemea. Wazazi waliitwa kwenye madarasa yao. Watoto walipokuwa darasa la kwanza na la pili, wazazi walifundishwa kuona na kusifu jambo jema analofanya mtoto, na kutoa adhabu ndogo isiyo ya kipigo bila kubadilika kila siku. Baadaye walifundishwa kumsaidia mtoto na masomo, na watoto walipofika darasa la tano na la sita, kuweka kanuni za familia kuhusu pombe na dawa za kulevya. Watoto wenyewe walifundishwa kidogo tu, darasa la kwanza na la sita: jinsi ya kufikiri kabla ya kujibu, na jinsi ya kukataa kuvutwa na wenzao bila kuvunja urafiki. Uzito wote ulikuwa kwa watu wazima.

Wanafunzi 598 walifuatiliwa hadi wakatimiza miaka 18. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba miongoni mwa waliokuwa na programu tangu darasa la kwanza, asilimia 48.3 walikuwa wamewahi kufanya tendo la ukatili, ikilinganishwa na asilimia 59.7 ya wasiokuwa nayo. Unywaji wa pombe kupita kiasi ulikuwa asilimia 15.4 dhidi ya 25.6. Mimba, kwa waliopata au waliompa msichana, asilimia 17.1 dhidi ya 26.4. Haya yalipimwa miaka sita baada ya programu kwisha, wakati mwalimu wao wa darasa la kwanza pengine ameshawasahau. Shule hazikugawanywa kwa kura tupu, kwa hiyo tahadhari inahitajika. Hata hivyo tofauti ya namna hiyo, miaka mingi baadaye, si jambo dogo.

Ndani ya utafiti huo kulikuwa na kundi la tatu ambalo halizungumzwi vya kutosha. Hao ni watoto ambao walimu na wazazi wao waliingizwa kwenye programu darasa la tano na la sita pekee. Walipofika miaka 18 hawakuonyesha tofauti ya maana na wale ambao hawakupata kitu. Mafunzo yao yalikuwa ya namna ileile. Kilichotofautiana ni wakati wa kuanza na urefu wa programu, na kwa mtu yeyote anayepanga bajeti ya kuzuia ukatili wa vijana, hili ndilo jambo zito kuliko yote.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake, na kwa upande wa mbinu za utafiti ni imara kuliko ule wa Seattle. Shirika la Raising Voices la Kampala, lililoanzishwa mwaka 1999 na Dipak Naker na Lori Michau, lilitunga mwongozo wa Shule Bora, unaojulikana kwa Kiingereza kama Good School Toolkit. Uganda ilikuwa imeshapiga marufuku viboko shuleni kwa waraka wa wizara wa mwaka 2006, kabla ya marufuku hiyo kuingizwa kwenye sheria ya watoto mwaka 2016. Waraka ulibaki kwenye majalada. Mwaka 2012, timu ya watafiti ikiongozwa na Karen Devries wa chuo cha afya ya umma cha London ilipofika wilaya ya Luwero, kaskazini mwa Kampala, zaidi ya asilimia 90 ya wanafunzi waliohojiwa walikuwa wamewahi kupigwa na mtumishi wa shule.

Shule 42 za msingi ziligawanywa kwa kura, 21 zikapewa mwongozo na 21 zikasubiri. Mwongozo una hatua sita, na shule huzipitia kwa mwendo wake yenyewe kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Hatua za mwanzo hazigusi fimbo kabisa. Shule huunda kamati ya walimu, wanafunzi na watu wa jamii, kisha hujiuliza mambo ya kawaida: watoto wanaogopa wapi, wanapenda nini, mwalimu anahitaji nini ili afundishe vizuri. Mwalimu mkuu lazima awe ndani tangu siku ya kwanza. Bila yeye kazi hufa. Baadaye ndipo walimu hujifunza nidhamu isiyo ya kipigo, wanafunzi huchagua wawakilishi wao, sanduku la maoni hutundikwa, kanuni za shule huandikwa upya kwa pamoja na kuchorwa ukutani mahali pa kuonekana na kila mmoja, mzazi anayekuja kulipa mchango akiwamo. Wazazi huitwa kusikiliza watoto wao wakieleza shule inabadilika vipi.

Juni 2014 watafiti walirudi na kuwahoji wanafunzi zaidi ya 3,800 wa miaka 11 hadi 14. Katika shule zilizosubiri, asilimia 48.7 ya wanafunzi walikuwa wamepigwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyotangulia. Katika shule zenye mwongozo, asilimia 31. Ukatili kati ya wanafunzi wenyewe nao ulipungua, na kwa wavulana nafuu ilikuwa kubwa zaidi. Hilo ndilo jibu la hoja ya mtoto mkorofi: walioguswa kwanza walikuwa walimu, na ugomvi wa watoto ukapungua pamoja na fimbo za walimu.

Namba hizo pia zinasema kweli isiyopendeza. Baada ya mwaka na nusu wa juhudi, karibu mtoto mmoja kati ya watatu bado alipigwa wiki ile. Na katika mahojiano hayo ya mwisho, watoto 434 walisimulia mambo mazito kiasi kwamba ilibidi majina yao yapelekwe kwa wahudumu wa ulinzi wa watoto. Shule inayomfungulia mtoto mdomo lazima iwe na mahali pa kupeleka anachokisema. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya na dawati la jinsia na watoto la polisi wanapaswa kujulikana kwa majina na namba za simu kabla sanduku la maoni halijatundikwa.

Tanzania imejaribu njia fupi zaidi. Watafiti wa Tanzania na Ujerumani, wakiwamo Mabula Nkuba na Hecker aliyetajwa hapo juu, walitunga mafunzo ya walimu ya siku tano na nusu, yanayojulikana kwa kifupi cha ICC-T, wakayapima katika shule za sekondari za serikali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa ukatili wa mwili na wa maneno ulipungua katika shule zilizofunzwa, kwa kauli za walimu na za wanafunzi pia. Mafunzo yenyewe ni ya vitendo zaidi kuliko mihadhara. Walimu hukumbuka jinsi walivyochapwa wenyewe, huigiza, hurudia, hukosoana.

Mfano mdogo unatosha kuonyesha kinachofanyiwa mazoezi. Mwanafunzi amechelewa kwa mara ya tatu wiki hii. Mwalimu wa zamu yuko getini. Njia iliyozoeleka ni viboko viwili na kufagia uwanja, na mtoto anaingia darasani kipindi kikiwa nusu, mikono ikiwaka, bila mtu kujua kwa nini anachelewa. Katika mazoezi, mwalimu humpeleka pembeni na kumuuliza kwa sauti ya kawaida. Huenda anachota maji kabla ya kuja, au anamsubiri mdogo wake ampeleke kwanza. Mwalimu anamwambia wazi kuwa kuchelewa hakukubaliki, wanakubaliana afanye nini kuanzia kesho, na anaambiwa matokeo yake asipofanya: atabaki baada ya kengele kumalizia kazi aliyoikosa. Kesho akiwahi, mwalimu anamwambia kwamba ameona. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote kwa walimu wengi, kwa kuwa wao wenyewe hawakuambiwa hivyo na mtu.

Kwa upande wa wazazi, programu iliyoenea zaidi barani ilianzia Eastern Cape, Afrika Kusini, kwa jina la Sinovuyo Teen. Vikao 14 vya kila wiki huwakutanisha mzazi na kijana wake, wakati mwingine pamoja na wakati mwingine kila mmoja na rika lake. Hujifunza kukaa pamoja bila simu wala kazi, kusifiana, kutulia wakati wa hasira, kutunga kanuni za nyumba wote wawili wakiwa mezani, na hata kupanga matumizi ya fedha, kwa sababu ugomvi mwingi wa nyumbani huanzia kwenye fedha. Jaribio lililohusisha familia 552 katika maeneo 40, lililochapishwa mwaka 2018, lilionyesha kuwa wazazi walipunguza kuwapiga na kuwatukana vijana, uangalizi ukaimarika, matumizi ya pombe na dawa za kulevya yakapungua. Tabia za fujo za vijana wenyewe hazikupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Hapa sauti ya Seattle inasikika tena: programu ilikuwa ya watoto wa miaka 10 hadi 18, na wengi wao walikuwa wameshavuka umri ambao tabia hukunjika kirahisi. Kwamba nyumba zao zilipata amani ni jambo la thamani lenyewe.

Programu hiyo iliingia Tanzania kwa jina la Furaha Teens, chini ya mradi wa Kizazi Kipya uliofadhiliwa na Marekani kati ya 2016 na 2021, ikiendeshwa na walimu na wawezeshaji wa jamii. Hilo la walimu linastahili kutazamwa. Mzazi anayeitwa shuleni amezoea kuitwa kwa mambo mawili, mchango au kesi. Anapoitwa kwa ajili ya kuongea juu ya malezi, na aliyemwita ni mwalimu wa mtoto wake, anakuja na wasiwasi. Akikuta viti vimepangwa duara na mwalimu naye anasimulia taabu ya kulea watoto wake mwenyewe, mambo hubadilika. Wanabaki kuitana "mama Asha" na "mwalimu", heshima ikiwa palepale, lakini mazungumzo yanakuwa ya wazazi wawili.

Zipo pia njia zinazopendwa ambazo hazifai, na nyingine hudhuru. Kuwapeleka vijana watukutu gerezani ili watishwe na wafungwa kulipata umaarufu Marekani miaka ya 1970; majaribio yaliyolinganisha makundi yalionyesha kuwa waliopelekwa walifanya makosa zaidi kuliko wasiopelekwa. Kuwakusanya wakorofi wote katika darasa moja la ushauri nasaha nako kuna hatari: Thomas Dishion na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba vijana wa aina hiyo wakiwekwa pamoja hufundishana, hucheka visa vya mwenzao, na hutoka wakiwa wagumu zaidi. Hotuba ya afisa mmoja paredi ya Jumatatu haidhuru, ila hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inabadilisha kitu. Njia za namna hii bado hupendwa kwa sababu ni rahisi na zinaonekana.

Kikwazo kikubwa cha kisheria kipo Tanzania Bara. Kanuni za elimu kuhusu adhabu ya viboko bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule na kuandikwa kwenye kitabu maalumu. Kwa vitendo, mara nyingi kitabu hicho hubaki safi na fimbo iko mkononi mwa mwalimu yeyote. Oktoba 2016 taifa lilitazama video ya walimu wanafunzi wakimshambulia mwanafunzi wa sekondari mjini Mbeya; Agosti 2018 mtoto wa darasa la tano alifariki mjini Bukoba baada ya kupigwa na mwalimu. Serikali ina Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto (MTAKUWWA), na mradi wa kuboresha elimu ya sekondari umebeba sehemu ya shule salama. Mpango wa kutokomeza ukatili na kanuni ya viboko haviwezi kukaa ofisi moja vikasaidiana. Mwalimu anayejifunza nidhamu chanya Jumatatu na kukuta fimbo ni halali Jumanne ataamini kile kilicho rahisi.

Kenya inaonyesha kwamba sheria peke yake nayo haitoshi. Viboko vilifutwa huko mwaka 2001, mwaka uleule wa moto wa Kyanguli, na bado mabweni yameendelea kuungua. Waliochunguza mioto hiyo, akiwamo mtafiti Elizabeth Cooper, walikuta wanafunzi wakieleza kuwa moto ndiyo lugha pekee ambayo utawala na serikali huisikia. Shule yenye baraza la wanafunzi lenye nguvu ya kweli, na vikao vya wazazi ambamo kijana anaruhusiwa kuzungumza, humpa mtoto njia nyingine ya kusikika kabla hajaishika njiti.

Mengine ni ya kila siku. Tangu elimu bila ada ilipoanza Tanzania mwaka 2016, uandikishaji uliruka, na darasa la kwanza la watoto zaidi ya mia si kitu cha ajabu, wakati kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Mwalimu huyo hahitaji kulaumiwa kwa kushika fimbo. Anahitaji kuonyeshwa namna ya kuanzisha kipindi, kupanga watoto na kutoa ishara ya kunyamaza, vitu vinavyofanya kazi hata kwa watoto mia. Wazazi nao hawaji wote. Huko Afrika Kusini wazazi walihudhuria karibu nusu tu ya vikao, na Seattle, palipo na magari na taa za barabarani, chini ya nusu ya familia ndizo zilizopeleka mzazi kwenye madarasa. Akina baba ndio wachache zaidi. Wakati wa kikao huamua mengi: saa nne asubuhi huwakosa wote wenye vibanda, bodaboda na vibarua, na Ijumaa mchana huwakosa wanaokwenda msikitini. Aliyekosa kikao anafuatwa nyumbani na mzazi mwenzake wa mtaa huohuo, kwa maneno mafupi ya yaliyosemwa. Eastern Cape nako waliokosa walifuatwa nyumbani, na mtindo huu wa wazazi kufuatana haugharimu karatasi wala posho.

Fedha ndiyo hofu ya mwisho. Programu nyingi kati ya hizi zilibebwa na wafadhili, na Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, ilionekana wazi jinsi jengo lilivyoegemea nguzo moja. Sehemu kubwa ya kazi hii, hata hivyo, haihitaji mfadhili. Vyuo vya ualimu vinaweza kuweka siku tano na nusu za ICC-T ndani ya mafunzo ya kila mwalimu mpya. Kamati za shule na Ushirikiano wa Wazazi na Walimu (UWAWA) tayari zipo na zina ratiba ya vikao. Kinachotakiwa ni kubadilisha ajenda moja. Januari, wazazi wanapokuja kuandikisha watoto wa darasa la kwanza, kamati za shule ziwape tarehe nne za jioni katika mwaka huo za kukutana na mwalimu wa darasa kuhusu malezi, ziwaite akina baba kwa majina, na zianze na wazazi hao wa darasa la kwanza, kabla ya kuhangaika na wa darasa la saba.